Kisu Kimetoka, Maumivu Yamebaki: Tusiyafiche Kazini



Ukurasa huu unatukumbusha kila mara juu ya kaske, miwani, mikanda ya usalama na vumbi. Ni vizuri, tena ni lazima. Leo ninaomba nafasi niseme juu ya hatari moja isiyo na bango ukutani. Ni maumivu ya mguu yanayobaki nyuma ya kupasuliwa mshipa wa fahamu. Mtu ametoka hospitali, nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, karatasi inasema arudi kazini. Lakini kila hatua inamwunguza. Naye ananyamaza.

Maoni yangu ni haya: maumivu yanayofichwa ni hatari ya kazi, sawasawa na mashine isiyo na kifuniko. Lazima yasemwe, yaandikwe, yatunzwe. Sisemi hivi kwa kusikia kwa wengine. Mguu ni wangu.

YALIYONIPATA

Mimi ni fundi wa mashine. Botini nilizopewa mwanzoni mwa kazi zilikuwa na urefu wa kutosha, lakini upana hapana. Nilizivaa vile vile, kwani kijana anayepewa botini mpya hafikiri juu ya upana. Miaka ikapita. Kuchuchumaa chini ya mkanda wa mawe, kupanda ngazi za chuma, kusimama juu ya vidole ili mkono ufike kwenye buloni: ndiyo kazi yetu.

Kisha moto ukaanza katikati ya kidole cha tatu na cha nne. Nilisikia kama nimekanyaga kajiwe ndani ya soksi. Navua botini, nakung'uta, hakuna jiwe. Nasugua mguu, unatulia. Navaa tena, moto unarudi.

Mganga alisema mshipa wa fahamu umevimba kwa kubanwa katikati ya mifupa ya mbele ya mguu. Tulijaribu viatu vipana, kisha sindano. Haikutosha. Akanipasua, akatoa kipande cha ule mshipa. Aliniambia kwamba kati ya vile vidole viwili patakufa ganzi, na ndivyo ilivyokuwa. Juu ya maumivu yanayoweza kubaki, sikuambiwa neno, wala mimi sikuuliza.

Juma la tatu niliomba mwenyewe nirudi kazini. Primu ya posti ya usiku ilikuwa inapotea, na minervali ya watoto haingoji mguu wa baba yao. Siku za kwanza nilijikaza. Mwezi wa pili maumivu hayakupungua, yakawa mengine: mara kama moto, mara kama umeme unaopiga kidole kisichosikia hata kuguswa. Shefu wa ekipi akiuliza, "Mguu namna gani?", ninajibu, "Umepona, shefu." Nyumbani ninajibu vile vile.

Usiku mmoja nilikuwa juu ya ngazi, na ufunguo mkubwa wa buloni mkononi. Nilipokanyaga daraja kwa sehemu ya mbele ya unyayo, umeme ukapiga. Mguu ukajiondoa wenyewe, bila kuniuliza. Nilikamata bomba kwa mikono miwili, na ule ufunguo ukaenda zake. Ulianguka hatua moja kutoka kwa kijana aliyekuwa akinisaidia chini. Aliinua macho, akasema tu, "Ee mzee!" Hakusema zaidi. Hakukuwa na haja.

Usiku ule nilielewa kwamba nilikuwa nimedanganya watu wengi. Kama ufunguo ule ungempiga yule kijana, karatasi ya ajali ingeandika: "Ufunguo umeanguka." Isingeandika kwamba fundi alikuwa na mguu mgonjwa tangu miezi miwili, naye alisema umepona.

JUU YA NINI MAUMIVU YANABAKI?

Wengi wanaopasuliwa hivi wanapata nafuu, na mtu asikimbie hospitali kwa ajili ya maneno yangu. Lakini kuna wengine ambao maumivu yanabaki, na sababu zinajulikana.

Usichanganye mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Mshipa wa damu ni kama bomba la maji. Mshipa wa fahamu ni kama waya: unapeleka habari ya mguu kwenye ubongo. Ukikatwa, ncha iliyobaki inajaribu kuota tena, polepole, karibu milimeta moja kwa siku. Ikiwa haioni njia, inaweza kujikunja na kufanya kifundo kidogo ndani ya kovu. Ukikikanyaga kile kifundo, ni kama kugusa waya uliovuliwa ganda lake. Tena, mtu aliyeumia muda mrefu, mishipa yake na ubongo vinazoea kupiga kengele. Hatari imekwisha, kengele inaendelea kulia. Kengele hiyo si ya uongo. Anayeisikia anaumia kweli.

Haya si maneno mapya. Mwaka wa 1876, mganga Thomas George Morton wa Philadelphia, Marekani, aliandika juu ya maumivu haya ya mbele ya mguu, na mpaka leo waganga wanayaita kwa jina lake. Mbele yake, katika mji huohuo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 mpaka 1865), mganga Silas Weir Mitchell alitunza askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu. Vidonda vilifunga, lakini mikono na miguu iliendelea kuwaka, hata wengine walikaa na vitambaa vya maji juu yake mchana na usiku. Walikuwa askari, si watu waoga.

Na tangu tarehe 1 Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani imeanza kutumika. Ndani yake maumivu yanayopita miezi mitatu nyuma ya kupasuliwa yana mahali pake na jina lake. Basi mtu akikuambia, "Huo si ugonjwa, ni uvivu," ujue kwamba ni yeye amechelewa.

MAKOSA MATATU

Kosa la kwanza ni hilo langu: kunyamaza. Tumelelewa kwamba mwanaume halii. Vizuri, usilie. Lakini kusema si kulia. Tukisikia mashine inatoa sauti mbaya, tunaisimamisha na kuita fundi. Mbona mguu wetu tunauacha utumike mpaka uvunjike?

Kosa la pili ni dawa za sokoni. Paracétamol mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku moja, ndizo vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini gonjwa ao anayekunywa pombe nyingi, chini ya hapo. Diclofénac na ibuprofène zikinywewa muda mrefu bila mganga, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, tena maumivu ya mshipa wa fahamu mara nyingi hayazisikii. Hatari kubwa zaidi ni tramadol inayouzwa kama karanga. Inamfunga mtu, inaweza kuleta kifafa, na ikichanganywa na bia ao lutuku inaweza kusimamisha pumzi. Nimeona mtu anaimeza mbele ya posti ili asimame. Alisimama, ndiyo, lakini macho yake yalikuwa mbali na mashine.

Ziko dawa za maumivu ya namna hii, kama amitriptyline ao gabapentine. Mganga anaanza na kipimo kidogo, mara nyingi jioni. Zinaweza kuleta usingizi na kizunguzungu. Kwa hiyo mwenye kuongoza kamyo, kupanda juu ao kushika mashine amwambie mganga kazi yake kwanza, na asiziache ghafula kwa mapenzi yake.

Kosa la tatu ni kutafuta mchawi. Maumivu yakikawia, jamaa wanaanza kuhesabu majirani: nani alikukanyaga kivuli, nani aliona wivu juu ya primu yako. Nyumba zinagawanyika, feza inakwenda kwa mwenye kuchanja chale. Chale juu ya mguu uliokufa ganzi ni mlango wa vijidudu. Ndugu yangu, aliyekuloga ni ncha ya mshipa ndani ya kovu. Haina wivu na mtu.

YALIYONISAIDIA

Nilipokwisha kusema ukweli, nilirudishwa hospitali. Mganga alichoma sindano ya ganzi mahali penyewe. Maumivu yakalala kwa saa chache, naye akajua yanatoka wapi. Nikamwuliza, "Basi, mnipasue tena?" Akajibu kwamba mara ya pili inawezekana, lakini matumaini yake si makubwa kama mara ya kwanza, na kila kisu kinaacha kovu jipya. Tujaribu mengine kwanza. Mengine hayo ndiyo haya:

1. Kiatu kipana mbele, chenye kisigino kifupi na unyayo mgumu usiojikunja sana. Vidole vilale bila kubanana.

2. Kipande cha sifongo ngumu ndani ya kiatu, nyuma kidogo ya mahali panapouma, si chini yake. Kinainua mifupa na kuachanisha vidole. Mwenye kutunza viungo wa hospitali alinionyesha mahali pake, kwani kikikosea kinazidisha.

3. Kovu likiisha kukauka kabisa, kulisugua kwa kidole na mafuta, dakika tano, mara mbili ao tatu kwa siku. Kisha kuuzoeza mguu: kwanza pamba, nyuma kitambaa laini, nyuma taulo. Siku za kwanza pamba iliniuma kama msumari. Kisha majuma mengi nilivumilia taulo. Kengele inafundishwa hivyo kwamba si kila mguso ni hatari.

4. Kutembea kwa kipimo. Zamani siku ya nafuu nilizunguka mtaa wote, kisha nililala siku mbili. Sasa ninatembea dakika kumi, ninapumzika, juma linalofuata ninaongeza kidogo, siku nzuri na siku mbaya sawasawa.

5. Kulala. Mtu asiyelala anaumia mara mbili. Shuka ikigusa mguu na kuumiza, weka boksi la karato chini ya shuka ili iinuke.

6. Kuutazama mguu kila jioni, unyayo na katikati ya vidole. Mahali palipokufa ganzi hapakuambii habari ya jiwe wala ya msumari. Kung'uta botini mbele ya kuivaa. Maji ya moto yapimwe kwa mkono, si kwa mguu. Na wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, usiweke mguu wa ganzi karibu na mbabula. Utanuka nyama kabla ya kusikia moto. Mwenye ugonjwa wa sukari ajihadhari mara mbili.

Je, nimepona? Sitawadanganya tena. Sijapona kabisa. Kuna siku moto unarudi, zaidi nikisimama muda mrefu. Lakini ninalala, ninatembea na bibi yangu mpaka sokoni, na ninatumika. Zamani maumivu yalikuwa shefu wangu. Leo ni jirani mbaya: ninajua saa zake, ninajua mlango wa kufunga.

Ziko alama ambazo hazingoji. Homa, usaha, kidonda kufunguka ao kuwa chekundu na cha moto: hospitali siku ileile. Mguu wote kubadili rangi, kuvimba, kutoka jasho ao kuwa baridi pamoja na maumivu makali: vile vile. Kigimbi cha mguu kuvimba na kuuma, na pumzi kukatika: upesi sana, hata usiku, kwani damu inaweza kuwa imeganda.

MAMA WA NYUMBANI

Bibi yangu ndiye aliyevumbua uongo wangu. Aliniambia, "Baba ya watoto, tangu lini unavua kiatu kwanza mlangoni, kisha ndiyo unatusalimu?" Mama, ninyi mnaona mambo ambayo kapita haoni. Mume anayekaa bila kuongea, anayepiga watoto bila sababu, anayeacha bukari katikati, pengine hana hasira na ninyi. Mwulize juu ya mguu. Mpeleke hospitali, mwende wawili, kwani mwanaume akiwa peke yake mbele ya mganga anasema "kidogo tu".

Lakini usimfanyie yote. Akiisha kuruhusiwa kutembea, mwache atembee dakika zake kumi, hata akinung'unika.

MASHEFU NA WENYE MAGAZINI

Ninajua mtu atasema: "Tukisikiliza kila mwenye kuumwa, nani atatoa madini?" Ninajibu kwa hesabu ndogo. Mtu anayesema mapema anapewa kazi nyepesi majuma machache: meza ya ufundi, kusafisha vyombo, kufundisha vijana. Mtu anayenyamaza anaanguka, ao anaangusha chuma juu ya mwenzake. Hapo mashine inasimama, ekipi nzima inasimama, na nyumba mbili zinaomboleza. Wapi kuna hasara?

Tena watu wananyamaza kwa sababu. Wanaogopa kupoteza primu, wanaogopa jina la mvivu. Shefu wa ekipi anayecheka mwenye kuchechemea anawafundisha wengine wote kudanganya. Mwongo akiwako, ndiyo, mganga atamjua. Usiwaadhibu wakweli kumi juu yake.

Kwa wenye magazini ninaomba neno moja: mpime upana. Mpige alama ya mguu juu ya karatasi, jioni nyuma ya kazi, wakati mguu umevimba, na mtu akiwa amesimama. Tusikubali botini inayobana kwa kusema itapanuka. Ncha ya chuma haipanuki hata siku moja. Lakini, wafanya kazi wenzangu, msikate botini kwa kisu, wala msivae sandale kazini kwa sababu mguu unauma. Jiwe linaloanguka halijui kwamba umetoka hospitali. Omba namba nyingine, ngoja mahali pasipo hatari mpaka uipate.

Na kama mguu uliumia kazini, ajali iandikwe siku ileile. Chunga nakala ya kila karatasi: ya ajali, ya kupasuliwa, ya mapumziko. Siku ya kuulizwa na CNSS ao na mganga mwingine, karatasi itakusemea pale kumbukumbu inapochoka.

NENO LA MWISHO

Yule kijana wa chini ya ngazi bado tunatumika pamoja. Sasa kila mwanzo wa posti ananiuliza, "Mzee, mguu namna gani leo?" Nami ninamjibu kweli. Siku nikisema, "Leo mbaya," anapanda yeye, mimi ninashikilia ngazi na kumwonyesha kazi. Buloni zinafungwa, na sisi wote wawili tunarudi nyumbani.

Hiyo tu ndiyo ninayoomba: swali moja mwanzoni mwa posti, na jibu moja la kweli.

Wafanya kazi, kisu kikipita na maumivu yakibaki, usione haya. Sema kwa mganga, sema kwa shefu, sema nyumbani. Usalama unaanza na ulimi.